Nondo nzima inaweza kuuawa na moto: tujadili muundo wa ndani wa chuma, shaba na zege

#1 Mfuapua (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila baada ya muda hapa jukwaani unaibuka uzi wa "nondo feki". Mtu nondo imemkatikia kwenye kona au imelegea ovyo, anaweka picha, wachangiaji wanaanza kutaja viwanda. Kuna swali ambalo karibu haliulizwi kabisa kwenye nyuzi hizo: je, hiyo nondo ilipigwa moto kabla ya kukunjwa? Nondo iliyotoka kiwandani ikiwa safi inaweza kuharibiwa site kwa dakika chache za mtungi wa gesi. Unene unabaki ule ule, uzito ule ule, hata ukiipeleka maabara kupima madini yaliyomo utaambiwa iko sawa. Kilichoharibika ni mpangilio wa ndani.

Tumezoea kuuliza kitu kimetengenezwa kwa nini. Ni mara chache tunauliza vilivyomo vimepangwaje, na kwenye vitu vigumu mpangilio huo ndio unaoamua mengi.

Ushahidi tunao ardhini kwetu. Almasi ya Mwadui na grafaiti ya Mahenge zote ni kaboni. Kwenye almasi kila atomi imeshikwa na wenzake wanne kwa nguvu sawa pande zote, ndiyo maana inakata kioo. Kwenye grafaiti atomi zimepangwa kwa matabaka. Ndani ya tabaka zimeshikana sana, lakini tabaka na tabaka hushikana kidogo tu, hivyo yanateleza. Ndiyo hiyo inayoacha alama ya penseli kwenye karatasi.

Chuma kina jambo la ziada: kinabadilisha mpangilio wake kikiwa bado kigumu, hakijayeyuka. Katika joto la kawaida atomi zake zimekaa katika michemraba, moja kwenye kila kona na moja katikati. Ukikipasha chuma kitupu hadi nyuzi joto 912 za Selsiasi, atomi zinajipanga upya, moja kwenye kila kona na moja katikati ya kila uso wa mchemraba. Kuyeyuka ni hadi 1538, kwa hiyo mabadiliko hayo yote yanapita ndani ya kipande ambacho kwa macho ni kile kile, ila kimekuwa chekundu. Mpangilio huu wa joto una nafasi ya kupokea kaboni hadi asilimia 2 hivi. Ule wa baridi hata asilimia 0.03 haufiki. Kazi yote ya mhunzi imejengwa juu ya tofauti hiyo.

Angalia kinachotokea. Chuma chenye kaboni kikiwa chekundu vya kutosha, kaboni imetawanyika humo ndani bila shida. Kikipoa polepole, chini ya nyuzi 727 kaboni inakosa pa kukaa, inajitenga na kuunda matabaka membamba magumu yanayopishana na matabaka ya chuma laini. Kikipozwa ghafla kwa maji, kaboni haipati muda wa kutoka. Inanaswa, michemraba inavutwa na kurefuka upande mmoja, na hapo unapata martensaiti. Jina hilo ni la kumkumbuka Mjerumani Adolf Martens (1850–1914), mmoja wa waliotangulia kuchunguza chuma kwa darubini. Martensaiti ni ngumu mno lakini haivumilii kipigo, inapasuka. Ukiipasha tena kwa kiasi, sehemu ya kaboni inatoka taratibu, ugumu unapungua kidogo na uvumilivu unarudi.

Sasa turudi kwenye nondo. Nyingi za daraja la megapaskali 500 (kipimo cha mvuto zinaoustahimili) hazikupata nguvu kwa kujazwa kaboni. Kaboni yake ni kidogo, kiwango cha Uingereza cha nondo, BS 4449, hakiruhusu izidi asilimia 0.22 au zaidi kidogo ya hapo. Nguvu imetokana na maji. Nondo ikitoka kwenye roli la mwisho na joto linalokaribia nyuzi 1000, inapitishwa kwenye maji yenye presha kwa muda mfupi sana. Ngozi ya nje inageuka martensaiti wakati kiini bado ni chekundu. Ikishatoka kwenye maji, joto la kiini linarudi nje na kuipasha ngozi hadi karibu nyuzi 600, ngozi inapata uvumilivu. Kiini chenyewe kinapoa hewani na kubaki laini. Maabara wakikata kipande, wakakisugua mpaka king'ae kisha wakakipaka asidi ya naitriki iliyochanganywa na spiriti, inatokea pete nyeusi pembeni na duara la kijivu katikati. Pete hiyo ndiyo uliyoilipia.

Fundi akiipiga gesi mpaka iwe nyekundu ili ikunjike kirahisi, anaifuta ile pete. Ikipoa yenyewe, pale mahali panakuwa laini kuliko nondo iliyobaki. Akiimwagia maji ili aishike haraka, anatengeneza martensaiti mbichi isiyopashwa tena, tena isiyo sawa pande zote. Na kona ya nondo ndani ya boriti au nguzo si mahali pa mapambo, pale panafanya kazi.

Nondo inakunjwa baridi, kwenye pini yenye unene unaostahili. Kwa nondo za hadi milimita 16, kipenyo cha pini kisipungue mara 4 ya kipenyo cha nondo. Zaidi ya hapo, mara 7. Kwa nondo ya 12 ni pini ya 48. Wanaokunjia kwenye msumari au ncha ya nondo nyembamba wanaitesa ngozi ya nje bila sababu.

Karibuni tujadili. Wenye uzoefu wa zege, shaba, bati na chuma cha kusubu (kile cha kumimina kwenye kalibu) wasikae pembeni.

#2 Bwana_Site

Mkuu nakuheshimu kwa somo, lakini mimi napasha nondo za 20 na 25 moto siku zote, sijawahi kusikia nyumba imeanguka. Pini ya mara 7 kwa mkono utaipata wapi? Vijana wanaumia migongo.

#3 Mfuapua

Bwana_Site, kwanza asante kwa kusema wazi, wengi wanafanya na hawasemi.

Nyumba haianguki kwa sababu mhandisi ameweka akiba kwenye hesabu zake. Unapofuta pete unakula akiba hiyo, na akiba iliwekwa kwa ajili ya siku isiyo ya kawaida. Watu wa Bukoba wanaijua siku ya namna hiyo, 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9. Siku kama ile nondo inatakiwa ivutike na kurudi bila kukatika, na kila kona inapimwa kwa wakati mmoja.

Kuhusu migongo nakubaliana nawe kabisa. Nondo za 20 na 25 si za kukunjwa kwa mkono. Zipelekwe kwenye mashine ya kukunjia, hata za kukodi zipo mijini, au ziagizwe zikiwa zimekunjwa tayari. Gharama hiyo iingie kwenye makadirio tangu mwanzo, isiachwe kwa fundi.

#4 Kipande_cha_Nondo

Vipi zile za zamani za mraba zilizosokotwa? Hizo nazo zilipigwa maji?

#5 Mfuapua

Hapana, hizo nguvu yake ni ya kusokotwa zikiwa baridi.

Ndani ya chuma safu za atomi hazijanyooka zote. Kuna mahali safu moja imeishia njiani, na hitilafu hiyo ndogo inaweza kuhama hatua kwa hatua ukikivuta au kukikunja chuma. Mwaka 1934 wanasayansi Taylor, Orowan na Polanyi, kila mmoja kivyake, walionyesha kwamba hitilafu hizi ndizo zinazofanya metali ikunjike bila kuvunjika. Ukizidi kuikunja zinazaliana, zinakutana, zinazibana njia. Ndiyo maana waya wa kufungia nondo ni mlegevu mara ya kwanza, ukiukunja na kuukunjua mahali pale pale unakaza, kisha unakatika.

Nondo ya kusokotwa imekazwa kwa njia hiyo. Ukiipasha moto hitilafu zinafutika na inarudi ilivyokuwa kabla ya kusokotwa. Kwa hiyo yenyewe na ya maji, sababu ni mbili tofauti lakini moto unazishinda zote. Na kwa sababu hiyo hiyo usikunje nondo, ukaona umekosea kipimo, ukainyoosha na kuikunja tena pale pale.

#6 Fundi_Baridi

Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi. Hapa umenichanganya kidogo. Bomba la shaba likikakamaa nalipiga moto mpaka liwe jekundu, nalitumbukiza kwenye maji, linatoka laini kabisa, natanua mdomo bila kupasuka. Kwa maelezo yako si lingetakiwa liwe gumu?

#7 Mfuapua

Swali zuri kuliko yote mpaka sasa.

Shaba haina ule mgeuko wa chuma. Kutoka joto la kawaida mpaka inapoyeyuka kwenye nyuzi 1085, mpangilio wake ni ule ule mmoja, atomi kwenye kona na katikati ya nyuso. Hakuna mpangilio wa pili wa kukimbilia, hakuna kaboni ya kunaswa, kwa hiyo maji hayana cha kugandisha. Kazi yote imefanywa na moto: punje mpya (fuwele ndogo ndogo zinazounda metali) zisizo na zile hitilafu nyingi zimezaliwa badala ya zile zilizokakamaa. Ukiiacha ipoe yenyewe kwenye benchi italainika vile vile. Maji yanakuokolea muda na yanasaidia kubandua magamba meusi.

Ndiyo maana mtu aliyezoea shaba akienda kwenye chuma na mazoea yale yale anaharibu, na wa chuma akija kwenye shaba anashangaa.

Tahadhari moja, usiiweke shaba kwenye moto mkali muda mrefu. Punje zinakua, na ukitanua mdomo wa bomba unaona uso umekuwa wa vipele na kingo zinapasuka.

#8 Otis_wa_Kamukunji

Salamu kutoka Nairobi. Sisi hapa Kamukunji tunagonga bati na sahani za chuma, masanduku, majiko, vikaango. Kuna shida ya bati kupasuka kwenye mkunjo upande mmoja na upande mwingine linakunjika poa, na ni shiti moja. Wazee walitufunza tu tugeuze shiti. Hii pia ni structure?

#9 Mfuapua

Ndugu Otis, wazee wako sahihi. Bati linapopita kwenye roli, punje zake zinalazwa na kurefushwa kuelekea upande lilikovutwa, na uchafu mdogo uliomo unavutwa nao na kuwa mistari. Si hilo tu, hata zile safu za atomi ndani ya punje zinaelekea kugeukia upande mmoja. Kwa hiyo bati si sawa pande zote hata kama linaonekana hivyo.

Mstari wa mkunjo ukienda sambamba na mwelekeo wa roli, ufa unapata njia iliyokwisha kuchorwa. Mstari ukikata mwelekeo huo, ufa unakosa njia. Kwenye shiti isiyo na zinki utaona michirizi myembamba, ndiyo mwelekeo wenyewe. Ukilazimika kukunja pande zote mbili, kata kipande chako kimshazari, au ongeza duara la mkunjo.

Aluminiamu ya sufuria inaonyesha jambo hili waziwazi. Kiwanda kikichukua duara la aluminiamu na kulisukuma kwa presi liwe kikombe kirefu, mdomo hautoki sawa. Unatoka na mawimbi, mara nyingi manne, kwa sababu duara limevutika zaidi pande fulani kufuata mpangilio wa punje. Mawimbi hayo lazima yakatwe na kutupwa.

Lakini kuna mahali ambapo mwelekeo huo unatafutwa kwa makusudi. Transfoma ya umeme kwenye nguzo ndani yake kuna mabamba membamba ya chuma chenye silikoni asilimia 3 hivi. Atomi za chuma zinapokea sumaku kwa urahisi zaidi zikielekezwa kwenye ukingo wa mchemraba. Norman Goss, Mmarekani, mwaka 1934 alipata hataza ya njia ya kuviringisha na kupasha bamba mpaka punje karibu zote zigeuzie ukingo huo upande mmoja. Umeme unaopotea kama joto ndani ya transfoma ukashuka sana. Mafundi wanaorudia transfoma wachunge hili: ukikata bamba upande usio wake au ukalipigapiga nyundo, umeharibu kitu ambacho huwezi kukirudisha kwenye karakana.

#10 Kokoto_Robo

Naomba nilete zege, kwa sababu huko ndiko muundo wa ndani unauawa kila siku na ndoo ya maji.

Saruji haikauki, inaungana na maji na kujenga fuwele mpya zinazojaza nafasi kati ya mchanga na kokoto. Maji inayohitaji kweli ni kama asilimia 40 ya uzito wake kwa makadirio ya juu, yaani lita 20 kwa mfuko wa kilo 50. Yakizidi, hayana kazi. Yanakaa ndani, yanatoka baadaye, yanaacha matundu na vijia visivyoonekana kwa macho. Mmarekani Duff Abrams alilieleza hili mwaka 1918 kule Chicago: kwa vifaa vile vile, nguvu ya zege inafuata uwiano wa maji na saruji. Zaidi ya miaka 100 imepita na bado mtu anamwagia ndoo ili toroli limiminike vizuri.

Na hewa ambayo haikutolewa kwa vibreta nayo ni muundo. Zege lenye mapengo ya asilimia 5 linaweza kupoteza nguvu hadi asilimia 30. Ukiona nguzo ina matundu ya kokoto tupu baada ya kutoa mbao, usikubali ipakwe plasta juu kabla mhandisi hajaiona.

Halafu umwagiliaji. Fuwele zinaendelea kukua pale tu ambapo kuna unyevu. Zege lililoachwa juani siku ya pili limesimamishwa kukua katikati ya safari.

#11 Mama_Tegeta

Asanteni sana, kaka zangu. Naomba kuuliza, nyumba ya ndugu yangu iliungua moto mkubwa sehemu ya sebule na jiko. Kuta na slabu zimesimama. Fundi anasema apige plasta tu. Kwa haya mnayosema naogopa.

#12 Kokoto_Robo

Pole sana dada. Uogope, na plasta isipigwe kwanza.

Gonga plasta iliyoungua itoke, uangalie zege lenyewe. Zege lenye mchanga na kokoto za kawaida mara nyingi hubadilika rangi na kuwa la waridi linapopita nyuzi 300 hivi, na kuanzia hapo nguvu inapungua. Kwenye nyuzi 573 mchanga wa kwazi unabadilisha mpangilio wa fuwele zake na kutanuka ghafla, hapo zege linapasuka kutoka ndani. Rangi ya waridi ikionekana mpaka kwenye kina cha nondo, suala si la plasta tena. Kukosekana kwa rangi hiyo pia hakutoshi kukupa amani, kwa sababu si kokoto zote zinabadilika.

#13 Mfuapua

Naunga mkono. Na nondo za ndani, kama hazikuzidi nyuzi 500 hivi, zikipoa zinarudisha karibu nguvu yake yote. Zikipita 600 na kuendelea, ile pete niliyoieleza inaanza kupotea moja kwa moja. Kwa hiyo mhandisi akate vipande vya majaribio vya zege, na ikibidi cha nondo. Slabu iondolewe mzigo na kuegemezwa kwa miti mpaka majibu yatoke, na watu wasilale chini yake.

#14 Mjukuu_wa_Mhunzi

Mzee wangu alikuwa anafua mapanga na visu kwa springi bapa za magari. Alikuwa anatumia oili chafu, si maji, na alikuwa anafanya kazi hiyo jioni giza likiingia. Naomba sababu kitaalamu.

#15 Mfuapua

Springi bapa ina kaboni karibu asilimia 0.6, mara tatu ya nondo, pamoja na kromiamu au silikoni kidogo. Kwa kiasi hicho martensaiti yake ni ngumu na yenye kutanuka kwa nguvu, na maji yanapoza ngozi haraka kiasi kwamba bamba linapasuka kabla kiini hakijafuata. Oili inapoza taratibu zaidi, na kwa chuma hicho inatosha.

Jioni ni kwa ajili ya rangi. Juani chuma chekundu hukisomi vizuri, unajikuta umekipitiliza. Na kukipitiliza ni hasara kubwa, kwa sababu punje zinakua. Mpaka wa punje na punje ndio unaozuia zile hitilafu zisihame, kwa hiyo punje ndogo maana yake ni vizuizi vingi. Watafiti Hall mwaka 1951 na Petch mwaka 1953 waliliweka hili kwenye hesabu: punje ikipunguzwa ukubwa kuwa robo, mchango wake kwenye nguvu unaongezeka mara mbili. Wahunzi wanalijua kwa kuvunja kipande cha majaribio. Pakiwa pa kijivu laini ni pazuri, pakimetameta kwa chembe kubwa kimeungua.

Asiye na jicho la mzee atumie sumaku. Chuma kikifika karibu nyuzi 770 kinaacha kushikwa na sumaku. Ongeza moto kidogo tu baada ya hapo, kisha oili. Halafu usikiache hivyo. Sugua kipande king'ae na ukipashe polepole uangalie rangi: manjano ya majani makavu karibu nyuzi 220, zambarau karibu 280, buluu karibu 300. Kisu kiishie kwenye manjano. Panga la kukatia miti liende mbele zaidi, maana linapigwa.

#16 Kagera_Asili

Wahaya walikuwa wanafanya haya kabla ya wakoloni. Mbona hamuwataji?

#17 Mfuapua

Umefanya vema kutukumbusha. Tanuri za Buhaya zilichunguzwa na watafiti Peter Schmidt na Donald Avery, na mwaka 1978 waliandika kwamba zilitoa chuma chenye kaboni, yaani pua, sio chuma laini tu. Wazee walioijua kazi hiyo walijenga tanuri na kuyeyusha mbele yao. Chuma cha tanuri ya namna hiyo hakitoki sawa: sehemu hii ina kaboni nyingi, sehemu ile kidogo, na katikati kuna takataka za mawe. Mhunzi alilazimika kulijua donge lake, kuchagua, kulikunja na kulifua tena na tena mpaka takataka zitoke na kaboni isambae. Kuusoma muundo wa ndani bila darubini ni elimu kamili.

#18 Gereji_Kona

La mwisho kutoka kwangu. Bloku ya injini imepata ufa. Kila nikichomelea kwa vijiti vya kawaida inapasuka tena pembeni ya weldi. Tatizo ni kijiti?

#19 Mfuapua

Ni kijiti na ni joto. Bloku nyingi ni chuma cha kusubu chenye kaboni kati ya asilimia 2.5 na 4, na sehemu kubwa ya kaboni hiyo imejitenga kuwa vipande bapa vya grafaiti. Vipande hivyo vinameza mtetemo, ndiyo maana hata kitanda cha mashine ya kereza hutengenezwa kwa chuma hiki. Ila ncha zake kali ni nyufa zilizokwisha kuanza, hivyo hakivutiki. Mwaka 1943 Keith Millis wa Marekani alitia magnesiamu kwenye chuma cha namna hii kikiwa kimeyeyuka, grafaiti ikajiviringa kuwa vidonge badala ya vipande bapa, na chuma kikaanza kuvutika. Kaboni ilikuwa ile ile.

Ukichomelea bloku ya grafaiti bapa kwa kijiti cha kawaida, pembeni ya weldi kaboni inayeyukia kwenye chuma na kupoa ghafla kwa sababu bloku nzima ni baridi. Unapata ukanda mgumu unaopasuka. Tumia vijiti vya nikeli. Toboa tundu dogo kila mwisho wa ufa, chimba mfereji, chomelea vipande vifupi vya sentimita 2 hadi 3, na kila kimoja kigongwe taratibu kikiwa bado cha moto. Subiri mkono uvumilie kushika ndipo uendelee. Ukiwa na uwezo wa kuipasha bloku nzima, ipashe polepole kabla ya kazi, na baada ya kumaliza ifukie kwenye majivu makavu mpaka kesho yake.

#20 Gereji_Kona

Majivu ninayo. Bloku ikishatoka nitaijaza maji na kuipima presha, nitarudi na majibu hapa.